Kisanduku Kilichorudisha Mkono

Hebu mwone kwanza anavyofika. Ni Jumanne asubuhi, mwezi wa pili wa mwaka 1976. Mvua imeacha madimbwi mekundu katika barabara za Dilala, mtaa wa mji wa Kolwezi, na mtu mmoja mrefu, mwembamba, anayaruka moja moja kwa uangalifu wa mtu aliyebeba kichanga. Kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa ndani ya kitenge cha mwanamke, kitenge cha zamani, maua yake yamekwisha kufifia. Mama muuza mikate anamwita kutoka ng'ambo ya njia, kwa jina la heshima, tata, yaani baba:

"Eh tata! Mutoto iko muzima?"

"Iko muzima, mama," anajibu bila kusimama. "Ila ni muzito sana, na bado hajalia."

Ndani ya kitenge hakukuwa na mtoto. Kulikuwa na kisanduku cha bati, na ndani ya kisanduku transfoma moja nzito, tranzista moja kubwa ya kufungwa kwa skrubu, na vitu vidogo vidogo vya rangi vilivyochomelewa kwa risasi. Mafundi wa huko huita chombo hicho kwa Kifaransa, *alimentation*. Kazi yake ni kuchukua umeme mkali wa ukutani na kuulainisha mpaka volti kumi na tatu, ili phonie ipate kula. Na phonie, kwa msomaji asiyeijua, ni redio ya kusema na kusikia, ya kupeleka maneno toka mji hadi mji mahali ambapo simu haifiki.

Mtu huyo aliitwa Ngeleka. Baba yake alitoka Kasai kuja kuchimba shaba, naye mwana akageukia waya. Hakusomea. Alijifunza kwa redio zilizoungua, na kwa kitabu kimoja cha Kifaransa kisicho na kurasa za mwanzo, kwa hiyo mambo mengi aliyajua kuanzia katikati. Zamani alikuwa na jina jingine, la ubatizo: Tharcisse. Serikali ilipoamuru majina ya kizungu yaachwe, alilikunja pamoja na karatasi ya padri akaliweka chini ya sanduku la nguo. Hakupata taabu, maana hata kabla ya amri ile ni mtu mmoja tu aliyekuwa akimwita hivyo, mkewe Mbelu, naye alilikata kwa ulimi wake likawa Tarsisi. Mbelu alikuwa amekufa miaka ishirini iliyopita. Kitenge kile kilikuwa chake.

Alikufa wakati wa kujifungua. Ngeleka alikuwa kazini mbali, na karatasi ya kumwita ilikaa siku mbili katika mfuko wa mtu aliyesahau kuitoa. Alipofika, mama alikwisha kuzikwa, na mtoto, Kabedi, alikuwa ananyonya kwa jirani. Ukitaka kumjua Ngeleka, jua hilo moja. Mengine yote yamekaa juu yake.

Sasa Kabedi ameolewa Lubudi, kule njia ya reli ipitako, na tumbo lake la kwanza linakaribia. Baba yake alimwahidi: "Ukiniita tu, minakuya," yaani nakuja. Lakini kati ya Kolwezi na Lubudi treni ilipita mara mbili kwa juma, Jumanne na Ijumaa, saa tisa mchana, na sauti ilipita mahali pamoja tu: kwenye phonie ya Musafiri.

Musafiri alikuwa mfanyabiashara, watu wake wa Maniema, Mwislamu mwenye malori mawili na mzaha usiokwisha. Phonie aliiweka katika chumba cha mbele cha nyumba yake, ili aseme na ndugu yake Omari aliyekuwa na phonie nyingine Lubudi. Siku za treni, saa sita kamili, wawili hao walikutana hewani, na majirani walileta salamu zao.

Ila phonie ya Musafiri ilikuwa bubu mwezi mzima. Vumbi la mgodi huingia kila mahali, katika chumvi, katika kope. Likiingia ndani ya plagi na kupata unyevu wa masika, linaunganisha chanya na hasi kama uji. Kisanduku cha kwanza kiliungua hivyo. Ngeleka akatengeneza cha pili, akakiwekea kikomo: hata ukivutwa namna gani, usitoe zaidi ya ampea tano. Vumbi likaunganisha waya tena. Kisanduku kikatii amri, kikatoa tano, tano, tano, na kwa kuwa waya zilikuwa zimeshikana, nguvu yote ikabaki kuwa joto juu ya tranzista ile kubwa. Musafiri alipoingia alikuta harufu ya plastiki na tranzista imepasuka.

"Ilitii mpaka ikakufa," Ngeleka alisema, akikigeuza mikononi.

Ndiyo maana cha tatu alikifikiri kwa njia nyingine. Siku ile ya Jumanne alikifungua kitenge juu ya meza, akawaeleza Musafiri na mkewe Zena kwa mfano wa bukari, ugali wa huko.

"Unaonaka mama mwenye kugawa bukari? Mukono moja ikikuya, anatia. Mikono mingi kidogo, anatia bado. Lakini bantu kumi bakiruka ju ya sahani mara moja, anafanya nini?"

"Anabapiga na mwiko," Zena akasema.

"Hapana, mama. Anarudisha sahani ku kifua. Anabatolea kidogo tu, kidogo kuliko mbele, mpaka batulie. Hii kisanduku njo vile. Bakiikamata vibaya, haitoe tano. Inarudi mpaka moja. Hivi haiwezi kuungua."

"Basi umetengeneza muchoyo," Musafiri akacheka. "Tuko nabo ya kutosha mu Dilala!"

Siri yake ilikuwa tranzista ndogo, mfano wa mlinzi, na rezistansi mbili, vipande vidogo vya kupunguza umeme, zilizompa huyo mlinzi habari za upande wa kutokea. Maadamu volti zimesimama, mlinzi ni mpole. Zikianguka, anakuwa mkali, na kadiri zinavyoanguka ndivyo anavyozidi kubana. Ngeleka alikuwa ameuchora mwendo huo nyuma ya kalenda: mstari unaokwenda kulia kwa amani, halafu ghafla unapiga kiwiko na kurudi ulikotoka.

Akawasha kisanduku, akasubiri, kisha akawasha phonie. Alivyozoea: kwanza mlishaji, halafu mlaji. Saa sita sauti ya Omari ikaja safi kutoka Lubudi. Kabedi mzima. Mkunga anasema bado majuma mawili. Ngeleka alikwenda nyumbani amekunja kitenge begani, tena akipiga mluzi.

Ijumaa saa tatu asubuhi, Zena alikuja karakanani kwake kwa miguu. Hakuwahi kuja hata siku moja. Alisimama mlangoni, kiatu kimoja kimejaa tope, akauliza bila salamu:

"Tata Ngeleka, Tarsisi ni nani?"

Chuma cha kuchomelea kikamtoka mkononi.

"Nani alikuambia ile jina?"

"Njo minakuuliza. Courant ya umeme ilikata na mvua, saa mbili. Ikarudi. Mi nilikuwa nachagua muchele. Nikasikia phonie inapumua." Alijishika kifua kuonyesha. "Haiseme nguvu. Taa yake inawaka kama jicho ya mugonjwa. Na ndani kuko mwanamuke. Anaita: Tarsisi. Ananyamaza. Tarsisi. Nikatoka mbio. Muchele njo ile, kuku banakula."

Walikwenda pamoja. Ngeleka alibeba vyombo vyake vya kazi ndani ya kile kitenge cha maua.

Chumba cha mbele kilikuwa na giza la mawingu. Musafiri alisimama kizingitini, hakuingia. Phonie ilikuwa juu ya meza, nusu macho: taa yake ya kioo nyekundu kama kaa linalokaribia kuzimika, na kutoka ndani mvumo mwembamba, unaopanda na kushuka. Ngeleka akakaa. Akaweka mkono juu ya kisanduku. Vuguvugu, hakikuungua. Akapima upande wa kutokea: volti nne. Si sifuri, si kumi na tatu. Nne, na sindano ya kipimo haikutikisika, kama kitu kilichopata mahali pa kukaa.

Hapo ndipo alipoisikia sauti. Ilikuwa mbali sana, imebanwa, kama mtu anayesema kutoka ndani ya mtungi.

"Tarsisi."

Kisha mvumo. Kisha, karibu zaidi:

"Kuya."

Mbelu alikuwa akimwita hivyo kila jioni chakula kikiiva, toka mlango wa jikoni. Maneno mawili na pumzi katikati yao. Ngeleka aliitambua ile pumzi kabla ya maneno.

Musafiri, kizingitini, alikuwa ananong'ona dua. "Zima ile kitu, bwana," akasema. "Nakuomba. Zima."

Sasa, fundi ni fundi. Mikono yake iliendelea kutafuta, maana haikujua kazi nyingine. Alitazama kitufe cha phonie. Kilikuwa kimefunguliwa.

"Nani alifungua?"

"Hakuna mutu anafungaka," Zena akajibu. "Courant ikikata tunaiacha wazi. Njo tunajua kama imerudi."

Kila nyumba ya cité, mtaa wa wenyeji, ilifanya hivyo, hata nyumba ya Ngeleka: redio huachwa wazi ili ikilia watu wajue umeme umerudi. Na yeye, aliyeijua desturi hiyo tangu utoto, alikuwa amejaribu kisanduku chake kwa njia moja tu, ile ya kazini, kwanza mlishaji halafu mlaji. Hakuwaza siku ambayo wawili hao wataamka pamoja.

Akaigeuza ile kalenda, aliyoiacha pale Jumanne, akachora mstari wa pili juu ya ule wa kiwiko: njaa ya phonie. Ndani ya phonie kuna chombo kinachopandisha umeme kwa ajili ya taa kubwa za kutuma sauti, na chombo hicho kikipewa volti chache hakizunguki. Kinakwama na kunywa tu, kinakunywa sana. Mistari miwili ikakutana juu, kwenye kumi na tatu, mahali alipopajua. Ikakutana tena chini, kwenye nne.

"Kisanduku iko na mahali pabili pa kukaa," akasema polepole. "Ikiamka wakati phonie imekwisha kunyoosha mikono yote, inafikiri ni fujo. Inarudisha sahani. Na phonie, kwa njaa, haishushe mikono. Basi banabaki vile."

"Mpaka wakati gani?" Zena akauliza.

"Mpaka mutu akuye kubatenganisha."

"Na mwanamuke?"

Ngeleka alikohoa. "Volti zikishuka, masikio ya phonie yanateleza pembeni. Inasikia njia ingine, haiko yetu. Ni mutu fulani, mu poste fulani, anaita bwana yake."

"Mu Zaïre hii?" Musafiri akamtazama. "Mwaka hii? Nani anaita mutu jina ya batizo ku phonie, serikali yote inasikia? Bangemukamata mbele ya kumaliza."

Ngeleka akaigeukia phonie. Alifunga kitufe, akahesabu mpaka kumi, akakifungua. Phonie ikafumbua macho, ikanguruma kama kawaida. Sauti ya mwanamke haikuwamo. Akachomoa kila kitu ukutani, akakichomeka tena kitufe kikiwa wazi. Jicho la mgonjwa likarudi. Volti nne.

"Tarsisi. Kuya."

Alijiambia kuwa anajaribu tu, kama fundi. Lakini alifanya hivyo mara tatu, Zena aliona, na mara ya tatu hakupima kitu.

Saa tano ilikuwa imepita. Ngurumo ilianza upande wa magharibi. Umeme ukikatika na kurudi saa sita, phonie itakwama katika dakika zile zile za Lubudi, na siku nyingine ya kuuliza habari za Kabedi ni Jumanne. Ilikuwa lazima mlinzi alegezwe: abane, lakini asibane mpaka moja, aishie mbili na nusu, ili mistari isikutane chini. Rezistansi moja ya kubadilisha. Na kwa kuwa joto litaongezeka, aliomba sufuria kuukuu ya aluminiamu, akaikata kitako, akaifunga tranzista kubwa juu yake.

"Sufuria yangu!" Zena akasema, kwa kuwa ilibidi mtu aseme kitu.

"Ilitoboka, mama."

"Ilitoboka kidogo."

Kazi ya nusu saa. Ilipobaki kuing'oa rezistansi ya zamani, Ngeleka alishika chuma cha moto juu yake muda mrefu, moshi wa risasi ukimpanda machoni. Akiitoa, zile volti nne hazitakuwapo tena, na kilichokaa humo hakitakuwa na mahali. Asipoitoa, huenda asimsikie mwanawe. Akaitoa. Akaitia ndani ya kiberiti kitupu, na kiberiti mfukoni.

Saa sita kamili mvua ilipiga bati.

"Lubudi, Lubudi, hapa Kolwezi. Unanisikia? À vous," Musafiri akaita, yaani zamu yako.

"Kolwezi, nakusikia cinq sur cinq, wazi kabisa," sauti ya Omari ikajaa chumbani. Umeme ukakatika, giza, kimya. Pumzi tano. Ukarudi, na phonie ikaamka mara moja, nzima, na kisanduku hakikurudisha mkono. Omari alikuwa bado anasema: "...Kolwezi, ulienda wapi?"

Ngeleka alichukua kipaza sauti. "Omari, ni mi, Ngeleka. Kabedi ananiita? À vous."

"Kabedi? Hapana, tata. Leo asubui alipita hapa, anatoka ku soko, anabeba majani ya sombe ku kichwa. Anacheka. Hakuna mutu alikuita. Mukunga alisema majuma mbili. Usikuye kupoteza nauli. À vous."

"Basi," Musafiri alisema baada ya kufunga. Alikuwa amefuta jasho, mzaha wake ulianza kurudi. "Umesikia. Mutoto iko na sombe. Rudi kulala, tata. Kesho tutasema tuliota sisi batatu."

Ngeleka alikuwa anatazama saa ya ukutani. Saa sita na robo. Treni ni saa tisa. Ya pili ni Jumanne.

"Unaangalia nini?" Musafiri akauliza. Kisha akaelewa. "Eh, ndugu. Unaenda ju ya redio yenye njaa?"

"Kuko mara moja nilingoja karatasi," Ngeleka akasema.

Hakuna aliyemcheka. Zena alimfungia mikate miwili na kipande cha samaki, akamtandikia kile kitenge cha maua begani, maana mvua haikuwa imekwisha.

Alifika Lubudi Jumamosi asubuhi. Mume wa Kabedi alikuwa kituoni, lakini hakuja kumpokea. Alikuwa anawauliza abiria, mmoja mmoja, kama kuna mtu mwenye karatasi ya aina ya damu. Uchungu ulikuwa umemshika Kabedi Ijumaa jioni, ghafla, majuma mawili mbele ya wakati. Mtoto alizaliwa alfajiri, wa kike, mzima. Lakini mama alikuwa anavuja damu, na mwuguzi alikwisha kupima watu wa nyumbani wote bila kupata damu inayofaa.

"Mi baba yake," Ngeleka alisema, akikunja mkono wa shati huku anatembea.

Damu ilikubali. Alilala kwenye kitanda cha pembeni akaiangalia ikipita ndani ya mpira, akafikiri, kama fundi, kwamba hapa hakuna mlinzi wala kikomo, wachukue tu. Saa nane mchana Kabedi alifungua macho.

"Tata. Nani alikuita?"

"Nilikuya tu."

"Mi nilikuita," Kabedi akasema. "Jana asubui, saa ya mvua, tumbo iliniuma kidogo. Lakini si kwa phonie. Niliita mu roho tu. Niliona haya kusumbua bantu."

"Uliniita namna gani?"

Akashangaa swali lenyewe. "Tata. Namna gani ingine?"

Mtoto wakampa jina Mbelu.

Ngeleka alirudi Kolwezi, akaishi miaka mingi. Kisanduku kile kilihudumia phonie ya Musafiri mpaka malori yalipokwisha, na hakikuungua hata siku moja. Mafundi wengine walikuja kukinakili, pamoja na kitako cha sufuria. Zena aliendelea kuacha kitufe wazi, umeme ukatike urudi, na phonie iliamka kila mara kwa nguvu zake zote. Alipoulizwa kwa nini bado anaacha, alisema ni kwa ajili ya kujua kama courant imerudi.

Ile rezistansi ya kwanza nimeiona. Imo ndani ya kiberiti, miguu yake miwili imepinda, ndogo kama punje ya mchele. Ngeleka alikuwa akiitoa jioni, anaiweka katika kiganja, anaitazama, anairudisha. Dakika tano za kazi, alisema, skrubu nne na matone mawili ya risasi, na wale wawili, kisanduku na phonie, watapata tena mahali pao pa chini pa kukaa. Hakuwahi kuirudisha. Mara moja nilimuuliza kama anaogopa kuisikia sauti ile, akasema hapana, si hilo. Anaogopa kuwasha, kungoja, na kusikia mvumo mtupu.

Wewe ungekuwa na kiberiti kile mkononi, ungefanya nini?